Kaseti Zetu Zisife Sandukuni



Mwaka 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri mjini Kinshasa, kaseti za video zilikuwa zikienea duniani. Miaka iliyofuata, jamaa nyingi zilihifadhi humo ndoa, ubatizo na maziko. Leo kaseti hizo zinaoza sandukuni.

Kaseti ya saa tatu ina utepe wa mita 258 hivi, uliopakwa unga wa chuma ulioshika sura na sauti. Joto na unyevu huuharibu, ukungu huula. Tena kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashine za kuzisomea, iliacha kazi hiyo mwaka 2016.

Basi tuzihamishe katika disiki. Mashine huunganishwa na ordinatere, na kaseti huchezwa yote: saa moja ya picha hudai saa moja ya kazi. Yenye ukungu isafishwe kwanza, isije ikachafua mashine na kaseti nyingine. Disiki nayo huharibika. Kwa hiyo tufanye mbili, moja ikae nyumbani, moja parokiani.

Wengi walioimba katika kaseti hizo wamelala katika Bwana, na wajukuu wao hawajasikia sauti zao kamwe. Kuwasikilizisha ni tendo la upendo, nasi tunasadiki ushirika wa watakatifu.

Mungu awabariki.