Kuchagua Madini ya Kusubu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa kusubu)



Nimeombwa niseme juu ya kuchagua madini ya kusubia. Nitachukua kitu kimoja tu, ile bushi ambayo shafti ya pampu huzunguka ndani yake.

Bushi yatakiwa ibebe mzigo, isikwaruze shafti, isiliwe upesi, na iwe rahisi kumiminwa. Hakuna madini yenye yote manne. Ukizidisha hili, lile hupungua. Ndiyo maana twachanganya.

Shaba nyekundu peke yake ni laini mno, tena haimiminiki vizuri. Ukitia bati hupata nguvu. Mchanganyiko wa siku nyingi ni sehemu 88 za shaba, 10 za bati na 2 za zinki. Lakini msidhani kuzidisha bati ni kuzidisha nguvu. Kengele ya kanisa ina bati kiasi cha sehemu 20 hivi katika 100. Yalia vizuri, lakini ipige kwa nyundo nzito, itapasuka. Bushi ngumu namna hiyo itakula shafti, na shafti ni ghali. Afadhali kiliwe kile kilicho rahisi kubadilishwa.

Risasi haichanganyiki kabisa na shaba; hukaa ndani chembe chembe, na chembe hizo huteleza hata mafuta yakipungua. Lakini ikizidi, bushi haistahimili mzigo. Tena moshi na vumbi lake huingia katika damu, na risasi hukaa mifupani miaka mingi. Zinki nayo huchemka kwa digrii 907 za Sentigredi, na shaba yayeyuka kwa 1,085. Basi zinki ikitiwa chunguni hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta mchana, jioni waona homa na kutetemeka, ukadhani ni malaria.

Basi rejeta kuukuu na mifereji ya maji ikitupwa tanurini bila kuchambuliwa, fundi hajui anamimina nini wala anavuta nini. Bushi ikipasuka, huambiwa alipe. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi, si kwa madini mabaya aliyoletewa.

Ndugu zangu, tudai mambo matatu: skrapu ichambuliwe na kuandikwa, moshi uvutwe nje kwa feni, na fundi aulizwe kabla madini hayajachaguliwa.