Hisa za Mafuta na Sanduku Letu la Msaada

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja mbele ya kikao cha wote, hapa Kisangani. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa, ili wasiofika nao wayasome.)



Nimeombwa kusema juu ya hisa, zile wengine wanaita aksio. Sababu ni mbili. Ya kwanza, kuna wenzetu walionunua hisa za kampuni za mafuta walipokuwa ukimbizini, na kila tukikutana ni malalamiko: bei haipandi, gawio haliji, barua hazijibiwi. Ya pili, kwenye kikao kilichopita kulitoka wazo kwamba sehemu ya makuta ya sanduku letu la msaada iwekwe kwenye hisa za mafuta, eti mafuta hayawezi kuanguka. Leo tunapiga kura juu ya wazo hilo. Mbele ya kura, tuangalie yaliyowapata watu wengine.

Ulizo ninalosikia sana ni hili: "Hapa Kisangani ba-Kadafi wa barabarani wanatupandishia bei ya lita kila mara. Wenye pikipiki wanalia, wenye boti wanalia. Basi kampuni inayotoa mafuta inatajirika. Sasa juu ya nini hisa yake inashuka?"

Jibu ni kwamba bei ya lita na bei ya hisa ni vitu viwili. Ndani ya lita moja ya hapa kuna kusafisha mafuta, meli, lori, kodi, na faida ya kila mkono yaliyopitia. Hisa njo sehemu ya kile kinachobaki kwa kampuni baada ya wengine wote kulipwa. Wafanyakazi wanalipwa, wenye mitambo wanalipwa, serikali inachukua yake, benki inachukua deni na faida ya deni. Mwenye hisa anakuja wa mwisho. Chakula kikiwa kingi, atashiba. Kikiwa kidogo, atakuta sufuria imekwanguliwa.

Chukueni mfano wa Tullow Oil, kampuni inayouza hisa zake kwenye soko la London. Jina hili wengi mnalijua juu ilifanya kazi jirani kabisa na sisi. Mwaka 2006 mafuta yalipatikana upande wa Uganda wa Ziwa Albert. Mwaka ule ule Tullow na wenzake wa Heritage walifanya mapatano na serikali yetu kuhusu upande wa Ituri. Mapatano hayo hayakupata kibali cha Rais, na mwaka 2010 maeneo yale yakapewa kampuni zingine. Mwaka 2007 yalipatikana mafuta mengi baharini Ghana. Mwaka 2012, mwezi wa tatu, yakapatikana Turkana, Kenya, kwenye kisima walichokiita Ngamia-1. Redio ziliimba. Mwaka huo hisa moja ilipita paundi 15.

Mwenye hisa alifikiri hivi: Uganda kuna mafuta, Kenya kuna mafuta, Ghana yanatoka tayari, mimi nimeshapona. Lakini mafuta yaliyo chini ya ardhi hayalipi mtu. Yanahitaji bomba, barabara, sheria, na makuta mengi mbele ya pipa la kwanza kuuzwa. Uganda, uamuzi wa kuwekeza ulitiwa sahihi mwezi wa pili 2022, miaka 16 baada ya kugunduliwa. Bomba lake ni la kilometa 1,443, kutoka Hoima mpaka bandari ya Tanga. Turkana, walijaribu kubeba mafuta kwa malori mpaka Mombasa, na mwezi wa nane 2019 meli moja ikaondoka na mapipa 200,000. Baada ya hapo, kungoja.

Na wakati wa kungoja, deni halilali. Kuanzia katikati ya 2014 bei ya pipa duniani ilianguka, kutoka juu ya dola 100 mpaka chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016. Mwaka 2017 Tullow ikahitaji makuta ya kupunguza deni, ikatoa hisa mpya. Aliyekuwa na hisa 49 aliruhusiwa kununua zingine 25 kwa peni 130 kila moja, bei ya chini sana kuliko ya sokoni. Mwenye makuta alinunua. Asiyekuwa nayo, sehemu yake ilipungua. Ni kama shamba la muhogo mlilolima watu kumi: kesho wanaingia watano zaidi kwa sababu jembe limekopwa. Shamba ni lile lile, fungu lako si lile.

Mwezi wa nane 2019, mpango wa kuuza sehemu ya mafuta ya Uganda kwa dola milioni 900 ulivunjika juu ya ugomvi wa kodi na serikali. Mwezi wa kumi na moja, mafuta waliyoyapata Guyana yakaonekana kuwa mazito na yenye salfa nyingi. Halafu tarehe 9 mwezi wa 12, 2019, kampuni ikatangaza kwa siku moja: mkuu wake anaondoka, mkuu wa utafutaji anaondoka, visima vya Ghana vitatoa kidogo kuliko ilivyosemwa, na gawio limesimamishwa. Siku ile hisa ilishuka asilimia 72. Aliyeamka na hisa za dola 1,000 alilala na dola 280. Hakuna aliyemwibia. Hakuna ofisi ya kwenda kudai.

Mwaka 2020 Tullow iliuza sehemu yake yote ya Uganda kwa Total kwa dola milioni 575. Mwaka 2025 iliuza ya Kenya kwa Gulf Energy, kwa dola milioni 120 hivi. Kumbukeni pia kwamba mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha pipa mpaka juu ya dola 120, hisa ya Tullow haikukaribia hata kidogo bei yake ya 2012. Kwa hiyo mtu akisema "mafuta yakipanda na hisa itapanda", mwulizeni: ya kampuni gani, na iko na deni kiasi gani?

Sasa, nisiseme upande mmoja tu. Wale mliokaa Nairobi mnaijua KenolKobil, kampuni ya vituo vya mafuta. Mwaka 2012 ilisemekana Puma Energy itainunua, hisa ikapanda, watu wakakimbilia kununua. Mwezi wa tatu 2013 mazungumzo yakafa, na hesabu za 2012 zikaonyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 6. Wengi waliuza kwa hasira. Waliotulia walingoja zaidi ya miaka mitano, mpaka kampuni ya Rubis ya Ufaransa ilipotoa shilingi 23 kwa kila hisa. Hao walipata kitu. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, kuna watu walionunua hisa kwa haraka siku chache mbele ya tangazo, mpaka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ikafanya uchunguzi. Mtu mdogo habari humfikia wa mwisho. Pili, Rubis ilipopata karibu hisa zote, waliobaki walinunuliwa kwa nguvu ya sheria, upende usipende, na jina likaondolewa sokoni mwaka 2019.

Njo maana sisemi hisa ni mbaya. Nasema zinataka makuta yanayoweza kukaa mbali nawe miaka mitano ao kumi bila mtoto wako kulala njaa. Je, makuta ya sanduku letu ni ya namna hiyo? Mwanachama akifiwa huko Mangobo usiku, asubuhi tunahitaji sanda, jeneza na gari. Mama akipelekwa kujifungua kwa kupasuliwa, hospitali haingoji soko la London lipande. Na hapa kwetu Congo hakuna soko la hisa. Kuuza ni lazima kupitia wakala wa nchi nyingine, kulipa ada yake, kubadilisha pesa, kungoja. Mfiwa hawezi kungoja.

Kwa hiyo napendekeza haya manne.

Moja: makuta ya sanduku la msaada, na zaidi sana yale ya wafadhili, yasiguse hisa hata kidogo. Yabaki pale yanapoweza kutoka siku hiyo hiyo.

Mbili: anayetaka kununua, anunue kwa makuta yake binafsi, na aulize kwanza: kampuni inatoa mafuta sasa ao inayatafuta tu? Deni lake ni kiasi gani? Mara ya mwisho ililipa gawio lini? Nikitaka kuuza kesho, kuna wanunuzi?

Tatu: mjihadhari na wanaopita kwenye simu wakisema "nunua hisa za mafuta, kila mwezi utapata asilimia kumi". Hisa ya kweli haiahidi faida ya kila mwezi. Aliye wakala wa kweli ana kibali, na jina lake liko kwenye orodha ya mamlaka ya nchi yake. Asipoonyesha kibali, funga simu.

Ine: wenye hisa za zamani za Kenya, tafuteni namba ya akaunti yenu na muiandikie ofisi ya wakala wenu anwani mpya. Gawio lisilochukuliwa kwa miaka hupelekwa kwa mamlaka ya Kenya ya mali zisizodaiwa, na mwenyewe ao warithi wake wanaweza kulidai. Wambieni bibi na watoto kwamba hisa hizo ziko. Kuna wajane kati yetu ambao mabwana zao walikufa na siri hiyo. Kamati ikikubali, tutachagua watu wawili wa kuwasaidia kuandika barua.

Najua kuna wenzetu wenye uchungu wa kweli, juu makuta yale yalikuwa jasho la kambini na la vibarua. Malalamiko yao ni halali. Lakini uchungu wa jana usitusukume leo tuweke sanduku la mazishi pahali ambapo hatuwezi kulifikia.

Wenye ulizo, waulize. Halafu tupige kura.