Saa ya Ukutani na Saa ya Mtoto



Sisi tuliokulia huku tumeneemeka kwa jambo moja ambalo aghalabu hatulitambui: jua letu halina hila. Hapa Dar es Salaam, siku iliyo ndefu kuliko zote katika mwaka haiizidi ile iliyo fupi kuliko zote hata kwa saa moja nzima. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuhesabu saa kwa kulifuata jua. Likichomoza na kupanda kidogo ni saa moja, likiwa utosini ni saa sita, likizama ni saa kumi na mbili, na hesabu hiyo haikuwaangusha. Mwambie mzee wa namna hiyo kwamba iko nchi ambayo serikali husogeza saa za watu wote mara mbili kwa mwaka. Atakugusa paji la uso aone kama una homa.

Nchi hiyo ipo, tena si moja. Uingereza, usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi, saa zote husogezwa mbele kwa saa moja. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Nchi za Umoja wa Ulaya hufanya vivyo hivyo siku hizo hizo, na sehemu kubwa ya Marekani hufanya hivyo mwezi Machi na Novemba. Kwao jua lina hila nyingi. Mwezi Juni, kwa hesabu yetu ya Kiswahili, jua la London huzama baada ya saa tatu usiku. Mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri. Basi wao husogeza saa ili mwanga wa kiangazi usipotee alfajiri watu wangali wamelala.

Mtaniuliza, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu watoto wetu wako huko, na wajukuu wetu wanazaliwa huko.

Binti wa dada yangu anaishi London. Mwaka juzi, siku chache baada ya saa kurudishwa nyuma, alinipigia simu huku kukiwa kumepambazuka, kwake ikiwa bado usiku mzito. Nikasikia mtoto analia nyuma yake. Mtoto huyo alikuwa na miezi minane, na mpaka juma lililotangulia alikuwa akilala saa moja jioni na kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa iliporudishwa, yeye aliendelea kuamka wakati wake ule ule, lakini saa ya ukutani ikasoma saa kumi na nusu. Baba yake mtoto hufanya kazi ya zamu ya usiku. Mama alikuwa peke yake, siku ya nne bila usingizi wa kutosha.

Akaniambia, "Mjomba, nimechoka mpaka mikono inatetemeka. Jirani amenipa dawa ya kikohozi ya maji, anasema kijiko kimoja tu na mtoto atalala mpaka asubuhi. Nimpe?"

Nikamwambia, "Mwanangu, weka chupa hiyo chini kwanza. Mtoto ana kikohozi?"

"Hana."

"Basi dawa ya nini?"

Mimi si mganga, ndugu wasikilizaji. Nilimtafuta muuguzi mmoja ninayemfahamu, mama aliyelea watoto wa watu kwa miaka mingi, naye akajibu bila kusita. Dawa zinazoleta usingizi hazipewi mtoto mchanga ili alale. Zinaweza kumpunguzia pumzi, na kijiko kimoja cha mtu mzima ni kingi mno kwa mwili mdogo. Binti akaimwaga dawa ile. Leo nataka niwaeleze yale mengine aliyotuambia muuguzi, kwa maana yupo mwingine huko aliyeshika chupa kama ile.

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba mtoto hakukosea. Ndani ya ubongo wa kila mmoja wetu kuna sehemu ndogo inayoongoza saa ya mwili, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, mwili hutoa homoni iitwayo melatonini, nao usingizi hukaribia. Saa ya ukutani hubadilishwa kwa kidole, na simu ya mkononi hujibadilisha yenyewe watu wakiwa wamelala. Saa ya mwili haina kidole cha kuigeuza. Huenda polepole. Mtu mzima huificha taabu yake kwa kikombe cha kahawa. Mtoto hana kahawa, ana kilio.

Jambo la pili ni kwenda hatua kwa hatua. Siku nne kabla ya ile Jumapili ya Oktoba, kila shughuli ya mtoto icheleweshwe kwa robo saa: usingizi wa mchana, chakula, kuoga na kulala usiku. Siku ya pili iongezwe robo nyingine, na ya tatu hivyo hivyo, na ya nne. Ikifika Jumapili, zile dakika 60 zimekwisha kulipwa kidogo kidogo. Mwezi Machi ni kinyume chake: kila shughuli iwahishwe kwa robo saa kila siku. Mtoto mwepesi wa kusumbuka asogezwe dakika 10 kwa siku sita. Na mama ambaye siku imemkuta hajajiandaa, kama binti yetu, aanze baada. Yeye mtoto wake alikuwa akisinzia saa kumi na mbili jioni kwa saa mpya. Siku ya kwanza akamlaza saa kumi na mbili na robo, ya pili saa kumi na mbili na nusu, mpaka wakarudi saa moja.

La kushangaza ni kwamba hata mwasisi wa mpango huu aliliona jambo hilo. William Willett, mjenzi wa nyumba wa Uingereza, alichapisha kijitabu mwaka 1907 akipendekeza saa zisogezwe kwa dakika 20 katika kila Jumapili nne za Aprili, na zirudishwe vivyo hivyo mwezi Septemba. Bunge halikumkubalia. Alifariki mwaka 1915, na mwaka uliofuata vita vilipoilazimisha Uingereza kubana matumizi ya nishati, sheria ikapita, lakini saa ikasogezwa yote kwa mkupuo mmoja. Mjenzi huyo angelisikilizwa, akina mama wengi wangelilala.

Jambo la tatu ni mwanga. Saa iliporudishwa nyuma, chumba kibaki giza alfajiri. Mtoto akiamka saa kumi na nusu, mama asiwashe taa kubwa wala asianze michezo. Amhudumie kwa sauti ya chini kama katikati ya usiku. Saa iliposogezwa mbele, mapazia yafunguliwe asubuhi mapema, na jioni pawepo pazia zito, maana jua la huko halijui kwamba mtoto anatakiwa kulala. Kuoga, kunyonya, wimbo na kitanda vifuatane kwa mpangilio ule ule kila jioni, ili mtoto asome wakati wake kwa mpangilio huo. Na mtu asimnyime mtoto usingizi wa mchana akidhani atalala zaidi usiku. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hulala vibaya.

Yale yasiyohusu saa nayo yasisahauliwe. Mtoto alazwe chali, mahali tambarare pasipo mto wala blanketi zito, hata kama baridi inamtia mama hofu. Mtoto wa chini ya miezi mitatu hivi asishughulishwe na hesabu hizi; saa yake bado haijakaa sawa, anyonye anapotaka. Na mama akihisi uvumilivu umemwisha, amlaze mtoto kitandani salama, atoke chumbani dakika chache avute pumzi. Kulia hakutamuua. Kutikiswa kunaweza. Wala si aibu kumwamsha mume aliyerudi kazini akashika zamu nyingine.

Sasa nageukia sisi tulio huku. Tofauti kati yetu na London ni saa tatu wakati wa baridi, na saa mbili wakati wa kiangazi. Dada yangu, bibi yake mtoto, alizoea kupiga simu saa tatu usiku ya Tanga, ambayo London wakati wa baridi ni saa kumi na mbili jioni. Ilipofika Machi akaendelea na saa tatu yake, bila kujua kwamba kule sasa ni saa moja. Mtoto ndiyo kwanza anafumba macho, simu inalia, taa inawashwa, uso wa bibi unang'aa kwenye kioo, usingizi unakimbia.

Binti alikuwa akiona haya kumwambia mamaye. Nikamwambia mimi: "Dada, kuanzia leo mpigie saa mbili."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa namwamsha mjukuu wangu mwenyewe?"

Tangu hapo Machi hupiga saa mbili, na Oktoba hurudi saa tatu. Kwenye kalenda yake ya ukutani amezizungushia wino Jumapili mbili, naye siku nne kabla humkumbusha binti: "Mwanangu, robo saa inaanza leo."

Mtoto sasa anatembea. Bado huamka usiku mmoja mmoja, kama watoto wote. Lakini chupa ile haikurudi nyumbani mwao.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo. Kwaherini.