Gari la Kikundi Likiingia Maji

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Eastlands, Nairobi



Leo tuongee juu ya gari. Vikundi vingi hapa kwetu, kutoka Umoja mpaka Kayole na Dandora, hununua matatu au pikapu kwa michango ya wanachama. Hilo gari ni akiba ya watu wengi. Na sisi wa Eastlands tunayajua maji. Katika masika ya 2024 mto Mathare ulifurika, watu wakapoteza maisha na nyumba, na barabara nyingi za Nairobi zikawa mito. Mvua kubwa zitarudi. Je, gari letu likiingia maji tutafanya nini?

Tushike neno moja: maji yanayoharibu gari ni yale yasiyoonekana. Juu panakauka, kiti kinang'aa, lakini chini ya kapeti kuna sponji nene iliyokunywa maji. Hapo ndipo kutu huanza na waya huoza, na ukungu waweza kuota ndani ya siku moja au mbili tu.

Kwanza, msiwashe. Dereva atasema, "Wacha nijaribu kidogo tu." Mkatazeni. Maji yakiingia kwa injini hayabanwi kama hewa, na vyuma vya ndani hupinda. Lisukumeni mpaka mahali pakavu, mtoe waya wa negativu wa betri, mpige picha kabla ya kuosha. Kama mna bima kubwa, ulizeni mara moja kama inalipa mafuriko. Ile ya mtu wa tatu hailipi hasara ya gari lenu.

Pili, fungueni. Vaeni glavu na buti za mpira, kwa maana maji ya mafuriko yetu yamechanganyika na ya choo. Ondoeni viti na mwinue kapeti yote. Mkiona waya za manjano chini ya viti, msizivute. Ni za mifuko ya hewa ya usalama. Mwiteni fundi wa stima ya magari. Sakafuni magari mengi yana vizibo vya mpira; vitoeni, maji yashuke. Kisha osheni kwa maji safi na sabuni, msije mkakausha uchafu ndani.

Tatu, kausheni. Kapeti na sponji zianikwe kwenye kamba, kila kimoja peke yake, na kugeuzwa geuzwa. Viti viwekwe juani. Milango ibaki wazi mchana, na kama kuna stima, feni ipulize sakafu. Sponji iliyolowa maji ya choo ni afadhali itupwe, inunuliwe nyingine. Hiyo ni gharama ndogo.

Na tafadhali, mtu asiweke jiko la makaa ndani ya gari eti likauke upesi. Hewa ya sumu ya makaa haionekani wala hainuki, na huua. Viti navyo hushika moto.

Nne, pimeni kabla ya kurudisha vitu. Lazeni gazeti kavu sakafuni, mlikanyage kwa nguvu, mwinue. Likiwa na unyevu, bado. Asubuhi vioo vikiwa na ukungu kwa ndani, bado. Mkisikia harufu ya uvundo, bado.

Pengine hakukuwa na mafuriko, ni mvua ya kawaida tu. Basi tafuteni mlango wa maji. Mmoja aketi ndani na tochi, mwingine amwagie maji polepole, kwanza kioo cha mbele, kisha mlango mmoja mmoja. Mara nyingi ni mpira wa mlango uliochoka, au majani yaliyoziba njia ya maji chini ya kioo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunajua mweka hazina atalalamika: gari limelala siku tatu, nne, na pesa haziingii. Ni kweli, na inauma. Lakini gari likirudi barabarani likiwa na maji tumboni, baada ya miezi michache taa zitakataa, sakafu itashika kutu, na abiria watalikimbia kwa harufu. Kwa hivyo kateni shauri sasa, kabla ya mvua: nani ana funguo za boliti, nani atamwita fundi, na ni pesa ngapi zitawekwa kando kwa siku kama hiyo. Andikeni katika kitabu cha mikutano.