Kidonge cha 1952 na safari ya Butabika

Leo nazungumzia ugonjwa ambao majumbani kwetu hutajwa kwa kunong'ona: ugonjwa wa akili. Nitaanza na dawa, maana dawa ipo, tena ipo tangu zamani.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wao dawa iitwayo klopromazini. Wodi zilizozoea mayowe usiku kucha zikatulia. Watu waliokuwa wakiamrishwa na sauti ambazo hakuna mwingine aliyezisikia wakaanza kuoga wenyewe, kula wenyewe na kuulizia jamaa zao. Miaka 12 baadaye Wamarekani waliipima dawa hiyo na nyingine za ukoo wake katika hospitali 9. Baadhi ya wagonjwa walipewa dawa, wengine vidonge vitupu, wote kwa wiki 6. Kati ya waliopewa dawa, robo tatu hivi walipata nafuu kubwa. Kati ya waliomeza vidonge vitupu, waliopata nafuu hiyo hawakufika hata robo.

Na sisi huku Afrika Mashariki? Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi, ilikabidhiwa mwaka 1938 kwa daktari mmoja, J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Huo ulikuwa uongo, nao ulivaa joho la sayansi. Mtu akikuona hivyo, atakujengea ukuta kabla ya kukutafutia tiba. Uganda ilifungua Butabika mwaka 1955, hospitali kubwa pembeni mwa Kampala, kwa sababu hospitali ya Mulago ilikuwa imefurika wagonjwa wa akili. Angalia tarehe hizo, ndugu yangu. Jengo kubwa la kuwalaza watu mbali na kwao lilifunguliwa miaka 3 baada ya kupatikana dawa ambayo ingewawezesha wengi wao kutibiwa wakiwa kwao.

Sasa nakuja kwenye utafiti ambao kwangu una uzito kuliko wote. Uingereza, kuanzia mwaka 1960, John Wing na George Brown waliwafuatilia wanawake waliolazwa kwa muda mrefu katika hospitali 3, wenye ugonjwa ule ule wa kusikia sauti. Hawakuuliza dawa tu. Waliuliza: mgonjwa huyu ana sega lake mwenyewe? Ana nguo zake? Kwa siku moja anakaa saa ngapi bila kufanya lolote? Nani anamtembelea? Wakaona kwamba pale ambapo watu waliachwa wakikodolea ukuta macho, ndipo walipozidi kunyamaza na kusinyaa. Palipoletwa kazi na mazungumzo, baadhi yao walifunguka tena. Sehemu ya kile kilichoitwa ugonjwa ilikuwa matunda ya kukaa bure na kusahauliwa. Katika utafiti mwingine Brown aliwafuata wagonjwa waliorudishwa nyumbani, akagundua kwamba aliyerudi kwenye nyumba ya lawama na makaripio alielekea zaidi kuugua tena kuliko aliyepokewa kwa utulivu.

Tuyalete hayo kwetu Mulanda, Tororo. Kijana aliyefungwa kamba nyuma ya jiko, anayesukumiwa sahani kwa mguu, asiyeitwa shambani wala msibani, huyo yuko katika wodi ile mbaya hata kama yuko kwa mama yake. Sisemi hivi kuwatukana wazazi. Mtu hamfungi mwanawe kwa kupenda. Anamfunga kwa sababu jana alikimbilia barabarani kwenye malori, na kwa sababu hakuna aliyemwonyesha njia nyingine.

Nigeria walionyesha njia. Kuanzia mwaka 1954, pale Aro, Abeokuta, Daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangisha wagonjwa katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao. Walikwenda hospitali kupata dawa, kisha wakarudi kijijini kulima, kupika na kusalimiana na watu.

Kwetu familia huuza mbuzi, hukodi gari, husafiri karibu kilomita 200 hadi Butabika. Mgonjwa hupata nafuu, hurudi na vidonge kwenye bahasha. Vidonge vikiisha, nyumbani husema amepona. Au mikono huanza kutetemeka, shingo ikakakamaa, naye akavitupa chooni kwa kuwa hakuambiwa kwamba dawa hizi hufanya hivyo, wala kwamba kipimo hupunguzwa, wala kwamba ipo dawa ya kuondoa mtetemeko huo. Miezi michache baadaye sauti zinarudi, na kijiji kinasema amerogwa tena. Hakurogwa. Aliishiwa na dawa, na hapakuwa na mtu wa kumfuatilia.

Klopromazini ilikuwemo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1977. Si dawa mpya wala ya matajiri. Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya mwaka 2018 inataka wagonjwa hawa wahudumiwe kwenye vituo vya afya vya msingi, yaani karibu na nyumbani, mahali pale pale tunapopeleka mtoto mwenye malaria.

Basi wewe mwenye mgonjwa nyumbani, usingoje azidiwe ndipo utafute gari. Beba karatasi alizopewa hospitali, nenda naye kituo cha afya kilicho karibu, uulize vidonge vyake, uulize na sindano ya kila mwezi kwa yule anayesahau kumeza. Wakikujibu kwamba hakuna, uliza dawa ziliagizwa lini mara ya mwisho, kisha jibu hilo umpelekee diwani wako kabla bajeti ya wilaya haijapitishwa.