MAZUNGUMZO YA KATIBU WA CHAMA: MDUDU ANAYEFUNGA MAUA YA KUNDE



Niliyasema haya Jumatano pale ghalani. Nayaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika.

Kuna maneno yanazunguka eti kunde na maharage ya mama mmoja wa bondeni yamepukutisha maua kwa jicho la jirani yake. Jamani! Niliingia shambani mwenyewe. Nikafumbua maua yaliyoshikana na majani: ndani mna utando kama wa buibui, kinyesi, na kiwavi mweupe-weupe mwenye madoa meusi. Mchawi ndiye huyo.

Mzazi wake ni nondo wa kahawia, mbawa zina mabaka meupe kama vioo. Ukizitandaza hazifiki sentimita 3. Wataalamu humwita Maruca, na jina vitrata alipewa mwaka 1787, kwa hiyo hakuzaliwa Ngara wala Biharamulo. Mchana hujificha, usiku hutaga kwenye vitumba vya maua. Kiwavi akianguliwa anafunga maua na majani kwa uzi wake, anakula humo humo, halafu anatoboa ganda kufuata mbegu. Baadaye hujifunga kifukoni, mara nyingi udongoni, mpaka awe nondo.

Akisha jifunga ndani ya utando, dawa ya kunyunyiza haimpati vizuri. Basi kagueni vitumba mapema, mchume vilivyoshikana, mchome moto.

Jumamosi saa 1 asubuhi tunakwenda kwa yule mama, kila nyumba mtu mmoja na debe lake. Jirani aliyesingiziwa naye atakuwapo. Waliomsema watangulie kumwomba radhi.