Nauli ya Padre na Deni la Mabati 40

Hotuba ya katibu wa kwaya kwenye semina ya maandalizi ya jubilei ya miaka 25



Baba Paroko, masista wetu, makatekista, wenyeviti wa jumuiya, wageni wetu mliotoka Bungoma, na ninyi wanakwaya wenzangu. Nimeombwa nieleze jinsi parokia inavyotegemeza kazi za huruma na za umisionari. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo mtanivumilia. Nitaanza na historia, niingie kwenye hesabu, kisha niwape zoezi la kwenda nalo nyumbani.

Nilizaliwa Bungoma. Kukhu wangu alibatizwa na padre wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka 1866. Jioni tukikoboa mahindi alipenda kutuuliza swali moja: "Yule padre alitoka ng'ambo kwa meli, akaja kwa gari la moshi, akamalizia kwa miguu. Nauli yake alilipa nani?" Sisi watoto tulisema Papa. Kukhu alikuwa akicheka tu.

Nilipokuwa mkubwa nilisoma habari za Pauline Jaricot, msichana wa mji wa Lyon, Ufaransa. Aliwapanga watu makundi ya watu kumi kumi. Kila mmoja alisali na kutoa sarafu ndogo kila juma kwa ajili ya misheni. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya hariri, watu wa mshahara mdogo. Kutokana na vikundi hivyo lilianzishwa Shirika la Uenezaji wa Imani mwaka 1822. Jaricot alifariki akiwa fukara, na mwaka 2022 akatangazwa mwenye heri. Basi nauli za wamisionari wengi zililipwa na watu kama mama muuza mboga na fundi wa cherehani, watu ambao hawakuwahi kuiona Afrika.

Huku kwetu Kitale tunawakumbuka mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland, shirika lililoanza mwaka 1932. Njaa ilipoipiga Turkana mwaka 1961, waliingia kule na chakula na dawa pamoja na Injili. Lodwar ikawa jimbo mwaka 1978. Jimbo letu la Kitale lilipozaliwa mwaka 1998, askofu wake wa kwanza, Maurice Crowley, alitoka katika shirika hilo hilo. Wala si Wakatoliki peke yao. Wenzetu wa Bungoma wanajua ni wagonjwa wangapi wamepona katika hospitali ya Marafiki pale Lugulu.

Hiyo ndiyo historia. Tulilipiwa nauli. Sasa tuje kwenye hesabu.

Parokia ina njia nyingi za kutoa, na wengi wetu tunazichanganya. Sadaka ya kila Jumapili huendesha parokia yenyewe: umeme, divai na hostia, mafuta ya pikipiki ya Padre ya kwenda vigangoni. Fedha za Kampeni ya Kwaresima ni za wenye shida. Jumapili ya Misheni, iliyoanzishwa mwaka 1926, huadhimishwa mwezi wa Oktoba. Sadaka ya siku hiyo haibaki hapa, huenda kwenye mfuko wa Kanisa zima ili isaidie majimbo machanga duniani kote. Watoto wa Utoto Mtakatifu nao wana mchango wao, ambao huwasaidia watoto wenzao. Tena kuna jumuiya ndogo ndogo, ambako huruma haina risiti: debe la mahindi kwa mjane, zamu ya kumwogesha mgonjwa, nauli ya kumfikisha hospitali.

Na kwaya je? Kwaya hii ilianza mwaka wa Jubilei Kuu, 2000. Waanzilishi waliweka sheria moja ambayo ningependa vijana waijue: katika kila shilingi kumi tunazopata kwenye arusi na tamasha, moja inaingia kwenye mfuko wa misheni. Imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari letu la kumbukumbu.

Novemba 2019 maporomoko ya ardhi yaliwaua watu zaidi ya 40 huko Pokot Magharibi, ndani ya jimbo letu hili. Mnakumbuka tulivyokusanya nguo. Tulijaza magunia, tukakodi lori, tukapanda hadi kigango kimoja cha milimani huku tukiimba. Tulipoyafungua magunia mbele ya watu niliona aibu. Kulikuwa na viatu vya visigino virefu, suti isiyo na vifungo, na gauni la arusi. Katekista mzee wa kigango kile alitushukuru kwa heshima, halafu akaniita pembeni. Akaniambia, "Mwalimu, siku nyingine mtuulize kwanza."

Nikamwuliza pale pale. Akanionyesha kikanisa chao cha udongo. Jumapili ni kanisa, siku za juma ni darasa la chekechea. Paa lilikuwa la nyasi na lilikuwa linavuja. Walihitaji mabati 60. Tuliahidi mbele ya watu wote, tukapiga na makofi.

Januari 2020 tulipeleka mabati 20. Yaliyobaki, mabati 40 kwa shilingi 960 kila moja, ni shilingi 38,400. Fedha hizo zilikuwemo kwenye mfuko wa misheni. Mwezi wa Machi corona ikafunga makanisa. Tulipofungua tena, kinanda chetu kilikuwa kimekufa, na kamati ikaamua tuazime kwenye mfuko wa misheni, tutarudisha. Muhtasari wa kikao kile niliuandika mimi na sahihi ni yangu. Hatujarudisha hata shilingi. Kila Jumapili kinanda kile kikilia, wengi mnasikia sauti nzuri. Mimi nasikia mvua kwenye nyasi.

Simlaumu mtu. Kinanda kilihitajika, na hakuna aliyetia fedha mfukoni mwake. Lakini ndivyo huruma inavyopotea katika parokia nyingi. Haiibiwi. Inaazimwa. Wenye shida wako mbali, hawahudhurii vikao vyetu, na hawana nambari ya simu ya mweka hazina.

Mwaka 2025 ni mwaka wa Jubilei ya Kanisa lote, na ndio mwaka wetu wa kutimiza miaka 25. Mambo ya Walawi sura ya 25 inaeleza jubilei: baragumu inapigwa, mtumwa anarudi kwao, shamba linarudi kwa mwenyewe. Tunapenda kusema jubilei ni kusamehe madeni. Ni kweli. Lakini anayesamehe deni ni anayedai, si anayedaiwa. Sisi hatuwezi kujisamehe mabati ya watoto wa watu.

Sasa zoezi. Kamati imepanga tushone sare mpya za jubilei. Siku ya sherehe kutakuwa na mnada baada ya Misa, na najua kuku na ndizi za hapa hununuliwa kwa bei ya mbuzi! Ninaomba mambo matatu. Kwanza, fedha za mnada ule zianze na mabati 40, na bei iliyoongezeka tangu wakati ule tuibebe sisi. Sare za zamani zinafuliwa na kupigwa pasi. Pili, kabla ya kununua lolote tumpigie simu katekista, tumwulize wanahitaji nini sasa, kwa maana miaka imepita. Tatu, kuanzia sasa kitabu cha mfuko wa misheni kisomwe kanisani kila robo ya mwaka, kilichoingia na kilichotoka, na asiwepo wa kuuazima, hata kamati.

Nimeomba pia hotuba hii ichapishwe kwenye kijitabu cha jubilei jinsi ilivyo, pamoja na ile 38,400. Deni lililoandikwa ni rahisi kulipa kuliko deni linalonong'onwa.

Kukhu wangu alifariki kabla sijamjibu swali lake. Lakini naamini kule milimani kuna mtoto wa chekechea ambaye siku moja ataangalia juu, aone bati, aulize, "Hili lilinunuliwa na nani?" Tufanye jibu liwepo.